Nyinyi mnaopigia honi basi la shule: mlango ukiwa wazi msinipite, ukifungwa nawapisha

#1 Usukani wa Njano

Wakuu, salamu kwenu.

Naendesha Coaster ya shule, huu mwaka wa sita. Ruti yangu hapa Dar inaanzia Madale, inapita Goba, inashukia Tangi Bovu na kuingia barabara ya Bagamoyo. Kila shule zikifunguliwa zinaibuka nyuzi za kulalamikia magari yetu: yanasimama hovyo, yanatembea kama yanasindikiza msiba, yanachelewesha watu kazini. Nazisoma zote. Leo naomba nami niseme, maana mimi ndiye niliyeko mbele ya hiyo foleni.

Jumatano ya wiki iliyopita, saa 12 kasoro dakika kumi asubuhi, bado giza, nilisimama kumchukua mtoto wa darasa la pili ambaye kwao ni ng'ambo ya barabara. Nikawasha hazadi, zile taa za tahadhari. Matroni, dada anayewahudumia watoto garini, akashuka, akavuka, akamshika mtoto mkono, wakarudi wakipitia mbele ya gari. Nyuma yangu kulikuwa na IST, nyuma yake Noah, halafu msururu wa taa ambao mwisho wake sikuuona. IST inapiga honi mfululizo. Nikatoa mkono dirishani kumwonyesha asubiri. Macho yangu yote yalikuwa kulia, nikihofia asichomoke mtu kunipita wakati wale wawili wako mbele ya kioo changu.

Kilichokuja kilikuja kushoto. Bodaboda alitanua kati ya ngazi yangu na mtaro, upenyo ambao hata mtu mwenye ndoo anapita kiubavu. Mtoto alikuwa ameshainua mguu kukanyaga ngazi. Matroni akamvuta kwa begi, wakaanguka wote wawili. Mkono wa pikipiki ukanasa chupa ya maji iliyokuwa inaning'inia kwenye begi lile, ikaenda nayo hatua kadhaa mpaka kamba ikakatika.

Chupa ninayo hadi sasa, nimeiweka juu ya dashibodi. Ya bluu, ina picha ya katuni, imepasuka kuanzia mfunikoni hadi kitakoni. Mtoto hakuumia. Alipokaa aliniuliza, "Anko, maji yangu yako wapi?" Sikuweza kumjibu, niliendesha mpaka Tangi Bovu mikono inatetemeka.

Yule bodaboda nadhani hakumwona kabisa. Ndiyo maana sitaki uzi huu uwe wa kutukanana. Nataka tuelewane jambo moja ambalo naona linachanganywa kila siku. Kuna basi la shule lililosimama mlango ukiwa wazi, na kuna basi la shule linalotembea taratibu. Hayo ni mambo mawili. Kwenye la kwanza sitaki mtu anipite, si kulia, si kushoto, hata kama anawahi nini. Kwenye la pili mna haki ya kupita, na mimi nina wajibu wa kuwapisha. Madereva wenzangu wengi hawalikubali hili la pili. Mimi nalikubali.

Ila naomba mjue kwa nini hatuwapishi. Nina watoto 27 na ninasimama mara 19. Mtoto akiwa ameshatoka getini, kusimama kwangu hakumalizi dakika moja. Mtoto akiwa bado anavalishwa soksi, ni dakika tatu hadi nne, na nyuma yangu watu wanahesabu kila sekunde. Kutoka Goba kushuka Tangi Bovu ni njia moja kwenda na moja kurudi, pembeni mtaro. Vituo vya daladala vyenye nafasi ya kuingia vipo, lakini saa hizo vimejaa bajaji. Nikibahatika kuingia nikawaachia mpite, hakuna anayeniruhusu nirudi barabarani. Naweka indiketa ya kulia nasubiri, magari yanapita thelathini, arobaini, hakuna hata mmoja anayepunguza mwendo. Siku moja nimekaa kituoni dakika sita kwa sababu ya wema. Kesho yake sikuingia tena. Hapo ndipo tatizo lilipo, na hapo ndipo ninapoomba maoni yenu.

#2 Zamu ya Saa Moja

Mleta uzi, pole sana na la huyo mtoto. Nimesoma nikashika kifua.

Mimi ni nesi, naishi Goba. Mimi ni mmoja wa wale wanaopiga honi. Naomba nikueleze honi ile ina nini ndani yake. Ninayempokea zamu amesimama usiku mzima wodini. Nikichelewa dakika ishirini, yeye hawezi kuondoka, maana wagonjwa hawaachwi peke yao. Na yeye ana watoto anaotakiwa kuwawahi kabla hawajaenda shule. Kwa hiyo nikiwa nyuma ya basi lako simwazii bosi, namwaza yule dada.

Kinachonikera si kusimama kwa ajili ya mtoto. Mtoto akishuka au akipanda nitasubiri. Kinachonikera ni haya: kwenye mtaa wetu mmoja yanapita mabasi manne ya shule nne tofauti, yote ndani ya robo saa, na kila moja linasimama kwenye geti lake. Nyumba tatu zinazopakana, basi moja linasimama mara tatu. Kutoka geti la kwanza hadi la tatu hazifiki hatua hamsini. Hapo mtaniambia nini?

Na jioni mabasi hayo hayo, yakishawashusha watoto, yanatanua kuliko daladala. Si wewe kaka yangu, sikujui, lakini nimeyaona.

#3 Usukani wa Njano

Dada, la jioni umesema kweli, sina utetezi. Gari limeandikwa shule ubavuni, likitanua tupu linawafundisha watu wote barabarani kwamba rangi ya njano haina maana. Nimewahi kugombana na mwenzangu kwa hilo.

La mageti matatu nalo ni kweli. Mzazi analipia nauli ya gari akiwa ameahidiwa kwamba mtoto atachukuliwa mlangoni. Mimi nikipitiliza nikasimama katikati ya mageti ili wote waje, simu inapigwa ofisini kabla sijafika shuleni.

#4 Pikipiki Nyekundu

Wakuu mimi ni bodaboda, kijiwe changu kipo Goba. Siyo mimi niliyepita pale, ila ningeweza kuwa mimi, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nina binti wa darasa la kwanza.

Niwaambie tunachokiona sisi. Gari mbele limesimama, hazadi zinawaka. Hazadi Dar zinawaka kwa kila kitu. Anayenunua vocha anawasha hazadi. Aliyeharibikiwa gari anawasha. Mvua ikinyesha watu wanatembea nazo. Msafara wa harusi, msafara wa msiba, lori la mchanga linalorudi nyuma, wote hazadi. Kwa hiyo nikiona hazadi akili yangu inasoma "hili gari limesimama, lipite". Haisomi "kuna mtoto". Na ikiwa ni giza, rangi ya njano siioni, naona taa mbili tu zinapepesa.

Tunapita kushoto kwa sababu kulia kuna magari yanakuja. Abiria nyuma anasema "pita hapo, pita hapo". Sisemi ni sawa. Nasema tukitaka bodaboda asimame, kiwepo kitu ambacho kikionekana kina maana moja tu: mtoto.

#5 Kibarua wa Columbus

Bodaboda hapo juu amegusa penyewe kabisa.

Niko Ohio, Marekani, mwaka wa nane. Huku basi la shule linasemwa na kila mtu, hata mtihani wa maandishi wa leseni ya udereva unakuuliza habari zake. Basi likikaribia kituo linaanza kupepesa taa za rangi ya chungwa, maana yake jiandae. Likisimama, zinawaka nyekundu na ubavuni kinafunguka kibao chekundu cha kusimamisha magari. Hapo hakuna anayepita. Majimbo yote 50 yanakataza kulipita basi la shule lililosimama na taa nyekundu zinapepesa. Hapa Ohio unasimama futi 10 au zaidi kutoka kwenye basi, na kama barabara ina njia chini ya nne, hata wanaokuja kutoka mbele wanasimama. Zikiwa nne au zaidi, wa upande wa pili anaruhusiwa kuendelea, wanaosimama ni walio upande wa basi.

Taa zile hazitumiwi kwa kazi nyingine yoyote. Dereva wa basi haziwashi akiwa ananunua kahawa. Ndiyo maana zinaheshimika. Hata ile njano haikutokea tu, walikaa kikao New York mwaka 1939, Chuo Kikuu cha Columbia, wakakubaliana rangi moja kwa mabasi ya shule, kwa sababu maandishi meusi juu ya njano ile yanasomeka vizuri alfajiri na jioni.

Kuhusu swali la pili la mleta uzi, la kupisha: California ina sheria kwamba gari linalokwenda taratibu kwenye barabara ya njia mbili, mahali ambapo kulipita si salama, likishakokota magari 5 au zaidi nyuma yake, lazima liingie pembeni penye nafasi ya kutosha liyaachie. Sheria hiyo si ya mabasi ya shule peke yake, ni ya kila gari la mwendo mdogo. Kwa hiyo wazo la mleta uzi halijatoka hewani. Watu wengine wameliandika kabisa.

Tofauti ni kwamba huku pembeni pana lami ya kuingilia. Mtaro hauna huruma.

#6 Mama Wawili Madale

Mimi ni mzazi wa hao wanaopiga simu ofisini, naomba nisikilizwe kabla ya kulaumiwa.

Wanangu wana miaka minne na saba. Gari linapita kwangu saa 11 na dakika arobaini. Mwezi wa saba saa hizo ni usiku. Kutoka getini kwangu hadi barabara kubwa ni kama mita mia tatu, hakuna taa hata moja, kuna mbwa wa mtu ambao huwa wanafunguliwa, na masika kunakuwa na dimbwi ambalo sijui kina chake. Mume wangu kazi yake ni ya safari. Nikimpeleka mkubwa barabarani, mdogo namwacha na nani? Nikiwapeleka wote na gari likachelewa nusu saa, tunasimama watatu gizani.

Kwa hiyo niliposikia gari linamfuata mtoto mlangoni, nilibana matumizi mengine nikalipa. Siyo kujidai, ni woga.

#7 Usukani wa Njano

Mama, hakuna anayekulaumu. Watoto wa miaka minne siwezi kusema wasimame barabarani.

Ila hebu tulitazame pamoja. Hiyo mita mia tatu ndiyo inayoniua. Nikiingia huko na Coaster, sina pa kugeuzia, narudi kinyumenyume gizani hadi barabarani, matroni ameshika tochi. Kurudi nyuma kwenye barabara yenye bodaboda ni hatari kuliko jambo lolote ninalolifanya siku nzima. Halafu kila nikiingia uchochoroni, watoto walioko ndani wanakaa dakika tano zaidi. Yule wa kwanza kupanda anaamshwa saa 10 na nusu ya alfajiri. Anasinzia kichwa kimegonga kioo, mpaka nimemwekea matroni mto mdogo wa kumlaza. Kila geti linaloongezwa linakatwa kwenye usingizi wa huyo mtoto.

Mtaa wako una watoto wangapi wa gari langu?

#8 Mama Wawili Madale

Wako watano, wa nyumba nne.

#9 Nahodha wa Nyali

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu pia basi la shule ni la njano na matatu hailijali, tuktuk ndiyo kabisa.

Mtaani kwetu wazazi walikubaliana kitu kidogo tu. Watoto wote wakutane kwenye geti la nyumba moja yenye taa na askari. Kila wiki mzazi mmoja ana zamu, anawapitia watoto nyumba kwa nyumba, anawaleta pale, anakaa nao hadi wapande. Mwenye mtoto mchanga hapangiwi zamu. Basi lasimama mara moja badala ya mara sita. Walioanza kulalamika ndio sasa wanaokumbusha zamu.

Lakini ilichukua muda, msidhani ni siku moja.

#10 Mlima Meru

Mtoa mada, kuna neno moja naomba liongezwe.

Mnaompigia honi dereva wa basi la shule mnamwambia akimbie. Mimi ni mtu wa Arusha. Mei 6, 2017, pale Rhotia, Karatu, basi dogo la wanafunzi lilitumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Majeneza yalipangwa uwanjani, nilikuwepo, mengi yalikuwa mafupi. Sitaki kuzungumzia chanzo cha ajali ile, siyo mada. Nasema tu kwamba tangu siku ile, nikiwa nyuma ya basi la watoto linalokwenda kilomita 40 kwa saa, mkono wangu hauendi kwenye honi. Kibao cha makazi kinasema 50. Huyo anakwenda 40. Kati ya 40 na 50, kwa safari ya kilomita tisa, ni dakika tatu kasoro. Chukueni kalamu mpige hesabu wenyewe.

#11 Zamu ya Saa Moja

Mlima Meru, nimepiga. Ni kweli, haizidi dakika tatu. Basi la taratibu silinungunikii tena.

Lakini hesabu hiyo inathibitisha nilichosema. Anayenichelewesha dakika ishirini si mwendo, ni vituo. Kusimama mara 19 kwa dakika moja moja tayari ni dakika 19. Hapo ndipo pa kukata.

#12 Shule ya Kata

Wazo fupi: mtoto asome shule ya jirani aende kwa miguu. Zamani tulitembea.

#13 Pikipiki Nyekundu

Mkuu #12, binti yangu anatembea. Anavuka barabara hiyo hiyo, kwenye zebra, na hasimamishiwi na mtu japo sheria inamtaka dereva asimame. Kwa hiyo kutembea hakuondoi tatizo, kunalihamishia kwa mtoto ambaye hana hata matroni.

Mleta uzi, nimeongea na wenzangu kijiweni. Wamesema kama matroni atashuka na kitu cha kung'aa, kitambaa chekundu au kile kibao cha mkono wanachotumia mafundi wa barabara, sisi tutasimama. Tupo kumi na nne. Siwezi kuwasemea bodaboda wa Dar nzima, hao kumi na nne nawasemea. Na kuhusu kurudi barabarani: ukituonyesha indiketa pale kituo cha Goba, mmoja wetu anaweza kuingia katikati akawazuia wa nyuma ukatoka. Kazi ya sekunde kumi.

#14 Usukani wa Njano

Wakuu, narudi baada ya siku kumi na mbili.

Kibao nimetengenezewa na fundi wa vibao hapa Goba, duara jekundu, upande wa pili limebandikwa karatasi ya kung'aa, na mpini wa ufagio. Shule imerudisha gharama. Matroni anashuka nacho kwanza, anasimama upande wa kushoto, usawa wa taa ya nyuma, mahali alipopita yule bodaboda. Akishainua, ndipo mtoto anasogea. Kama mtoto anatoka ng'ambo, dada mwingine wa shule ambaye hupandia Madale anamvusha yeye, ili mmoja asifanye kazi mbili. Hili la watu wawili nililiomba miaka mitatu. Limekubaliwa baada ya mimi kuingia ofisini na chupa ya bluu na kuiweka mezani.

Siku ya kwanza walipita watatu. Siku ya pili mmoja. Tangu Jumatatu iliyopita kushoto hajapita mtu pale Goba. Huko Tangi Bovu bado wanapita, sitawadanganya.

Kupisha: nachagua vituo viwili tu, kimoja kabla ya mteremko na kingine karibu na Tangi Bovu. Nikiangalia kioo nikaona wamefika watano au sita, naingia. Kijana wa pikipiki nyekundu ametimiza ahadi, mara nne amenifungulia njia. Siku ambayo hayupo nimesubiri dakika mbili, ni afadhali kuliko zile sita. Kuna mwenye Noah ya kijivu ameanza kusimama mwenyewe na kuniwashia taa nitoke. Ndugu, kama unasoma humu, asante.

Kilichobaki kigumu ni mageti. Nimefika kwenye vituo 15 kutoka 19. Nyumba tatu zile za dada nesi sasa ni kituo kimoja, katikati, kwenye duka lenye taa. Mzazi mmoja kati ya hao amekataa na amemhamishia mtoto gari lingine. Ni haki yake.

Mama Wawili, kwako sijabadilisha kitu mpaka tukubaliane.

#15 Mama Wawili Madale

Kaka, nimeongea na majirani. Mzee wa nyumba ya kona, mwenye geti la kijani, amestaafu na huamka saa 10 kuswali. Amesema watoto watano wakae barazani kwake, ana taa ya nje na mbwa wake hufungwa. Mwanangu mdogo nitamleta mwenyewe mpaka atimize mitano, mkubwa ataenda na wa jirani. Lile dimbwi baba mmoja amesema ataleta kifusi kabla ya masika.

Ila kuna sharti. Ukichelewa zaidi ya dakika kumi upige simu. Mzee hawezi kukaa nje na baridi.

#16 Usukani wa Njano

Nitapiga. Hapo getini kwa mzee Coaster inageuka bila kurudi nyuma, nimepita leo mchana kupima. Tuanze Jumatatu saa 11 na dakika hamsini, hiyo ni dakika kumi zaidi ya usingizi kwa wa kwako. Mwambie mkubwa asubiri ndani ya geti mpaka aone kibao chekundu kimeinuliwa, hata kama mlango wa gari umeshafunguka.